Darubini kubwa za kufunga kwenye stendi: 15x70, 20x80 au 25x100?

Mambo vipi wadau, karibuni. Hapa mezani nina darubini ya macho mawili, ni 15x70, na pembeni ndo stendi yake. Nataka tuongelee hizi kubwa zote kwa pamoja maana kila siku naulizwa nichukue ya 20 au ya 25, na mimi nikiuliza utaifunga kwenye stendi gani, mtu kimya. Msimamo wangu ni kwamba pesa yako igawe, ya stendi itoe kwanza, darubini inunue kwa inayobaki.

Tuanze na namba. 15x70 maana yake inavuta mara 15 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 70. Gawanya 70 kwa 15 unapata kama 4.7, hizo ndo milimita za ule mduara wa mwanga unaoingia jichoni. 20x80 inakupa 4, 25x100 nayo 4, zote safi kwa usiku. Sasa ukikuta darubini imeandikwa zoom mpaka 180x100, gawanya mwenyewe, unapata nusu milimita na kidogo, hapo utaona giza tu. Halafu nenda na rula kabisa, pima kioo, kuna zimeandikwa 100 na kioo chenyewe hata 50 hakifiki. Usikubali kupigwa kirahisi.

Kwa nini nakazania stendi? Kwa sababu ikivuta mara 15 na mtetemo wa mkono wako unavutwa mara 15. SkyMaster, aina ya darubini za kampuni ya Celestron, ya 15x70 ina kama kilo 1 na nusu hivi, unaweza ukaishika dakika mbili tatu ukiegemea ukuta, lakini 25x100 ni kama kilo 4, hiyo mkononi sahau kabisa. Na zile stendi nyepesi za simu haziwezi, aisee, haziwezi, ukigusa tu kurekebisha fokasi picha inacheza na ukiachia bado inacheza. Tafuta stendi iliyoandikiwa kubeba angalau mara mbili ya uzito wa darubini yako, na ule mguu wa katikati usiuvute juu, urefu utoe kwenye miguu mitatu yenyewe. Pale chini ya katikati ning'iniza begi au dumu dogo la maji, inatulia.

Kufunga sasa, cheki hapa. Mbele kwenye bawaba, katikati ya vioo viwili, kuna kifuniko kidogo, kifungue kwa mkono, ndani kuna tundu la nati la robo inchi. Hapo inaingia adapta ya umbo la L, na chini ya adapta ndo inakaa sahani ya stendi. Adapta chukua ya chuma, ya plastiki inapinda na upepo wa baharini ukipiga kidogo nyota zinaanza kuruka. 20x80 na 25x100 nyingi zina chuma chake tayari kinachopita katikati, hizo hazihitaji L. Kichwa cha stendi, ile sehemu ya juu inayogeuza darubini, usichukue cha gololi, ukilegeza tu darubini inaanguka mbele na uzito wote, chukua kichwa cha video chenye mkono, kinakwenda taratibu na kinabaki ulipokiacha. Na mguu mmoja wa stendi uelekeze mbele, upande unaotazama, ndo unaobeba.

Kwa anga la Dar kuna jambo la kuzingatia. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo vitu vingi vinapita juu ya utosi, kundi la nyota la Orion likifika katikati ya anga liko juu yako kabisa na kwa stendi ya kawaida shingo itakuuma. Liwahi Desemba saa 2 au saa 3 usiku likiwa bado upande wa bahari. Omega Centauri haina shida hiyo, mwezi wa 5 na wa 6 usiku inasimama kusini kama nusu ya anga, kaa kwenye kiti, utaona donge la nyota laini zuri kinoma. Kilimia nacho kwenye 15x70 kinaingia chote, maana hii inaonyesha eneo la digrii kama 4.4, ni karibu miezi tisa mipevu ikipangwa mstari, 25x100 ni digrii 3 tu. Miezi minne ya Jupita aliyoiona Galileo mwaka 1610 utaiona kwa zote, ila pete za Zohali hapo ndo ya 25 inapata haki yake.

Mchana ukienda Coco Beach kutazama meli zinazosubiri bandari, nenda kuanzia saa 10 jioni. Asubuhi jua linatoka baharini, uko nalo uso kwa uso, na ukilipitisha kwenye kioo cha milimita 70 hata sekunde moja jicho linaweza kuharibika moja kwa moja. Watoto wakiwepo simama nao hapohapo, usiondoke. Jioni jua liko mgongoni na meli zinawaka rangi zake. Saa 7 mchana hewa ya moto inachemsha picha, hata darubini ya bei gani haisaidii.

Ukirudi nyumbani puliza chumvi kwanza ndo ufute, halafu ihifadhi kwenye boksi na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, fangasi wa joto la huku wanakula vioo.

Dukani usijaribu kwa kutazama ukuta, toka nje tazama mnara wa simu wa mbali, ukiona picha mbili au macho yanavutana ujue prizimu, vile vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga, zimekaa upande, waachie. Wenye 20x80 andikeni hapo chini mnatumia kichwa gani.