Nililipa tiketi ya pili nisikie injini ya turbini, nikaambiwa sitaelewa

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: ukienda kuona magari ya majaribio ya viwanda vya Marekani katika majumba haya ya makumbusho ya watu binafsi, kata tiketi ya kawaida, tembea mwenyewe, na mwongozaji usimlipe hata senti. Siku nyingi zimepita na hasira haijanitoka.

Jina la jumba silitaji. Liko huku katikati ya Marekani, mbali na tunapoishi, na tulifika jioni tumechoka, mimi na shemeji yangu, majira ya joto yakielekea kwisha. Tangazo lao lilikuwa na tiketi za aina mbili. Ya kwanza unaingia na kuangalia. Ya pili ni ghali zaidi kwa mbali, unapewa mwongozaji, na maneno yao wenyewe yalisema utasikia gari la turbini la Chrysler likiwashwa. Mimi ni fundi wa pampu za dizeli, kazi niliyoianzia Tanga kabla sijaja huku. Injini isiyo na pistoni hata moja nilikuwa nimeisoma miaka na miaka, sauti yake sijawahi kuisikia ana kwa ana. Nikalipa ya pili, yangu na ya shemeji.

Wasiolijua gari hili waelewe kwa nini nilikubali bei ile. Mwaka 1963 Chrysler walianza kugawa kwa raia wa kawaida gari lenye injini ya mtindo wa ndege, ndani ya bodi zilizotengenezwa na Ghia kule Turin, Italia. Ya kugawa yalikuwa 50, na mengine matano ya mwanzo ya kujaribia. Watu 203 walipokezana, kila mmoja miezi mitatu, gharama yake mafuta tu. Hakuna rejeta, plagi ni moja, na linakunywa karibu kila kinachowaka: dizeli, mafuta ya taa, hata mafuta ya kupikia. Rais wa Meksiko wa wakati ule, Adolfo López Mateos, alitaka kujua kama litaenda kwa tequila, likajazwa, likaenda. Kilicholisumbua ni petroli ya kawaida ya vituo vya siku zile, kwa sababu ilikuwa na madini ya risasi (lead), na madini hayo yaliganda ndani ya injini. Fundi yeyote aliyewahi kusafisha nozeli zilizozibwa na dizeli chafu atajua kwa nini jambo hilo halinitoki kichwani.

Basi tulipofika kwenye gari, nikauliza swali moja, kwa Kiingereza kilichonyooka ambacho nakitumia kazini kila siku: leo tangini mmeweka nini, dizeli au mafuta ya taa?

Mwongozaji hakunijibu. Alimgeukia shemeji akamwambia, "Mwambie rafiki yako hayo ni mambo ya kiufundi, hataelewa."

Nimesimama mbele yake. Nimemuuliza mimi. Anamtuma mtu mwingine aniambie sitaelewa, mbele ya kundi zima lenye watoto na wazee, na wengine wakacheka. Shemeji akanishika mkono, "Shemeji, muache tu, tumekuja kuona gari." Nikanyamaza kwa heshima yake. Lakini tangu hapo kila kitu cha mahali pale kilinichukiza, mpaka kamba walizozungushia magari, mpaka taa zao zinazopiga machoni ukiinama kuangalia chini ya bampa.

Yakafuata mawili, sijui lipi lilikuwa baya zaidi. Alitangaza kwamba injini haitawashwa leo. Sababu hakutoa, pole hakutoa. Kisha akaongeza kwamba hatujakosa kitu, kwa kuwa gari lenyewe lilishindwa, ndiyo maana mengi yalipondwa. "Kiwanda hakiui gari zuri," akasema, akaanza kusogea mbele.

Huo ni uongo, na ni uongo unaowaumiza waliolitengeneza. Magari 46 yaliteketezwa na kupondwa, hilo kweli, na tisa ndiyo yaliyobaki duniani. Lakini sababu inayotajwa sana ni ushuru wa forodha ambao ungelipiwa zile bodi za Italia kama zingebaki nchini, na nyingine ni kwamba kampuni haikutaka kuyakuta kwenye yadi za magari ya mtumba, yamebandikwa V8 ya kawaida, yaani injini ya silinda nane. Mpenzi wa magari ya misuli, yale ya Marekani yenye injini kubwa za nguvu, ataniambia nguvu za farasi 130 si kitu mbele ya Pontiac GTO ya 1964. Kwa mbio nakubali. Nakubali pia kwamba lilikula mafuta, na kwamba ukilikanyaga lilisita kidogo kabla ya kuondoka. Ila lilifanya zaidi ya maili milioni moja mikononi mwa watu wa kawaida. Kampuni hiyohiyo, mwaka 1964, ilipeleka kwenye mbio za Daytona injini yake kubwa ya Hemi, ya inchi za ujazo 426, Richard Petty akashinda na Plymouth, na mapenzi ya nchi yakaenda huko. Turbini haikuwa gari bovu. Ilizaliwa wakati watu wanataka ngurumo.

Na eti kiwanda hakiui gari zuri! Muulizeni Pontiac, tawi la General Motors. John DeLorean, mhandisi wake mkuu, alikuwa na gari la majaribio, Banshee yake, XP-833, ya viti viwili, nyepesi, tayari inatembea. Wakubwa wa General Motors wakaizima kwa hofu kwamba italila soko la Corvette, gari la michezo la Chevrolet, tawi lao jingine. Zilibaki mbili, kisha Corvette ya 1968 ikatoka na umbo ambalo yeyote mwenye macho ataona limetoka wapi. Au ile Mustang nyekundu ya majaribio ya Shelby ya 1967, ambayo watu waliamini imeshapondwa, mpaka ilipokutwa mwaka 2018 imetelekezwa shambani Texas. Mtu anayelipwa kusimulia magari haya anapaswa kuyajua hayo kabla hajavaa sare.

Sasa niseme haki. Kundi liliposogea, mimi na shemeji tulibaki nyuma. Katikati ya siti, kutoka dashibodi mpaka nyuma, linapita bomba nene linalong'aa, limechongwa kama sehemu ya injini yenyewe. Ngozi ya siti ni rangi ya shaba, na bodi ni shabashaba hivyohivyo. Taa za mbele zimezungukwa na mapanga ya turbini, vifuniko vya magurudumu navyo vivyo hivyo, na nyuma taa zimekaa ndani ya vikombe virefu ambavyo mtu angeapa moto utatokea humo, kumbe ekzosi iko chini, na moshi wake ulipozwa na magurudumu mawili yanayozunguka ndani ya injini, yanayonyang'anya joto na kulirudisha kazini. Niliinama nikatazama ile geji ya joto la gesi pembeni ya spidomita. Gari la familia, la 1963, lina geji ya joto la gesi! Nilisisimka mwili mzima. Shemeji, ambaye magari kwake ni usafiri tu, aliuliza maswali mfululizo nami nikamjibu yote, na mama mmoja mzee wa kundi lile akarudi kusikiliza, akashukuru. Dakika zile ningewapa nyota nne. Labda tano.

Halafu tukafika mapokezi. Nikaomba kwa upole wanirudishie tofauti ya tiketi mbili, maana nilicholipia sikukipata. Binti wa pale akatazama kompyuta akasema mwongozaji tulipewa, hivyo huduma imekamilika. Nikamwambia tangazo linasema injini. Akasema "hali ikiruhusu." Nimelisoma tangazo lile upya, mstari kwa mstari, na maneno hayo hayamo. Nimewaandikia, kimya.

Kwa hiyo nafuta nilichosema pale juu kuhusu tiketi ya kawaida. Msiende kabisa. Jumba la makumbusho la Henry Ford kule Dearborn, Michigan, lina moja ya hizo tisa, na lina pia Mustang I, gari la majaribio la Ford, ile ya 1962 yenye injini nyuma ya viti. Pigeni simu kwanza muulize kama la turbini limewekwa kwenye maonyesho wiki hiyo. Na hawa wa kwangu bado nawadai, tiketi mbili, yangu na ya shemeji.