UFC 5: uso ukivimba na pambano linabadilika

Watu wakisifia sura za kwenye magemu ya michezo mara nyingi wanaangalia picha iliyosimama, jasho linang'aa, tatuu ipo palepale, basi wanasema kali. Mi hapo sishtuki tena, ngozi siku hizi wengi wameipatia, mchezaji anawekwa katikati ya makamera kibao yanampiga picha kwa mpigo mmoja afu kompyuta inamuunda kichwa. Shughuli ni pale sura inapoanza kusogea, na hapo ndo UFC 5, gemu la mapigano ya ulingoni ya UFC (ngumi, mateke na mieleka) la EA Sports, imenikamata.

Ilitoka Oktoba 2023, ya kwanza kwenye mfululizo huu kutumia injini ya Frostbite, yaani programu inayoliendesha gemu, na wamekuja na mfumo wanauita Real Impact. Yaani ukimpiga mtu jicho lilelile linavimba, nyusi inachanika, damu inashuka, na sio urembo tu, jicho likiharibika ulinzi wake unapungua, pua ikiumia pumzi inarudi kwa shida, kidonda kikizidi refa anasimamisha anaita daktari na pambano linaweza kuishia hapohapo hata kama ulikuwa unaongoza kwa pointi. Kwahiyo unajikuta unamsoma mpinzani usoni muda wote. Wazee wa Fight Night Round 3, gemu la ngumi la 2006, wanaijua hiyo, ile ya Xbox 360 haikukuwekea hata mstari wa nguvu kwenye skrini, uso wa bondia ndo ulikuwa unakwambia kabakiza nini, na zile riplei za taratibu shavu linavyoyumba aisee!

Kinachonikera ni macho. Mtu mdomo umepasuka ila macho yametulia tuli kama anasubiri basi. Afu mastaa ndo wamepewa mapenzi yote, chukua jamaa wa chini kwenye orodha utaona kabisa kachongwa chapchap.

Magemu ya mpira kwa upande huu naona yapo nyuma zaidi, japo siyalaumu sana, watu 22 uwanjani na kamera iko huko juu, nani ahangaike na kope za beki wa kushoto?

Mi naipa 8 kwa 10. Mwenye PS4 asijisumbue, hii ni ya PS5 na Xbox Series X na S tu, na kama sebuleni kuna watoto subiri walale kwanza maana damu ni nyingi, Marekani imewekewa alama ya miaka 17 kwenda juu.