Mtafiti wa usalama wa kompyuta: chuo kikuu au kampuni?

Kwa kipato, kampuni inashinda mapema. Anayesomea uzamivu huishi kwa posho miaka minne, mitano au zaidi, huku mwenzake akila mshahara tangu mwezi wa kwanza.

Uhuru ndio unaonivutia chuoni. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa KU Leuven, chuo kikuu cha Ubelgiji, alifichua udhaifu katika WPA2, itifaki iliyokuwa ikilinda Wi-Fi karibu kila mahali. Kazi ya aina hiyo haina bidhaa ya kuuza, na chuoni si lazima iwe nayo. Lakini uhuru huo unalipiwa kwa maombi ya ruzuku yasiyoisha na marundo ya mitihani ya kusahihisha.

Kwa ubora wa ugunduzi, sioni mshindi: Meltdown, dosari ya vichakata vya kompyuta iliyotangazwa Januari 2018, iligunduliwa Google na pia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, kila upande kivyake.

Uthabiti? Ajira ya kudumu chuoni ni kinga kubwa, ila wanaoipata ni wachache. Kampuni nayo yaweza kufunga kitengo kizima ghafla.

Unapenda kufundisha na kuchimba tatizo moja miaka kumi? Nenda chuo. Una familia inayokutegemea leo? Anza na kampuni, ila endelea kuchapisha, maana bila machapisho mlango wa kurudi chuoni hufunguka kwa shida.