Nebbiolo na Pinot Noir: zimefanana sura, zimeachana kinywani

Wanaoanza kunywa mvinyo mwekundu huambiwa mapema kwamba uliokolea rangi una nguvu, na ule mwepesi ni laini. Kwa Cabernet Sauvignon au Syrah kanuni hiyo haikosei sana. Ukifika kwa Nebbiolo, itupe. Nina mazoea ya kuinywa bega kwa bega na Pinot Noir, na hakuna zabibu mbili zilizonifunza zaidi kutoliamini jicho langu.

Jozi ya karibuni ilikuwa Barolo, mvinyo unaotengenezwa kwa Nebbiolo, kutoka kijiji cha Serralunga d'Alba, katika mkoa wa Piemonte huko Italia, na Pinot Noir ya Gevrey-Chambertin, Burgundy, Ufaransa. Nilimimina kidogo kidogo kwenye glasi zinazofanana, nikaziinamisha juu ya karatasi nyeupe. Zote mbili zilipitisha mwanga. Ningeweza kusoma maandishi kupitia mvinyo wenyewe. Tofauti ilikuwa ukingoni, pale unapokuwa mwembamba kabisa kwenye kioo. Pinot Noir ilikuwa bado nyekundu kweli, ilhali Barolo ilishaanza kuelekea rangi ya tofali. Asiyeijua angesema imechacha, lakini haikuwa na kasoro yoyote. Rangi iliyomo kwenye ganda la Nebbiolo ni ya aina inayoathiriwa upesi na oksijeni, kwa hiyo mvinyo wake huonekana mzee hata ukiwa bado mbichi.

Puani, Pinot Noir haina kona. Cheri na rasiberi zinakuja zenyewe, halafu ukiipa muda inatoa harufu ya uyoga na majani yaliyolowa chini ya miti. Nebbiolo nayo ina cheri, ila juu yake kuna waridi lililokauka, na chini yake kuna lami. Ndiyo, lami hii hii ya barabarani. Mara ya kwanza nilidhani wanaoandika hivyo wanajitia ujuzi tu, mpaka nilipoinusa.

Sasa kinywani, ambako ndiko kwenye kesi yenyewe. Zote mbili zina uchachu wa kutosha kukutoa mate. Pinot Noir inaingia, inatandaza matunda yake ulimini, inapita. Ukakasi upo, lakini unausikia pembeni tu, kisha unaondoka bila kuaga. Barolo inaanza vivyo hivyo, kwa upole na matunda mekundu, unadhani umeshaielewa. Ukimeza tu, fizi zinabanwa, ulimi unakuwa kama umepigwa msasa, midomo inagoma kuteleza juu ya meno. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kinachotokea hapo ni kwamba tanini, yaani vile vitu vya kwenye zabibu vinavyoleta ukakasi, hushikana na protini zilizomo kwenye mate, mate yanapoteza utelezi, na kinywa kinahisi kimekauka wakati kimejaa mvinyo. Rangi na tanini zote hutoka kwenye ganda, na tanini nyingine kwenye mbegu, lakini ni vitu viwili tofauti, na zabibu inaweza kujaliwa kimoja ikanyimwa kingine. Nebbiolo ni bahili wa rangi na mkarimu wa tanini, za ganda na za mbegu pia. Pinot Noir ina ganda jembamba lenye kidogo cha vyote viwili, na sehemu kubwa ya tanini zake hutoka kwenye mbegu. Ndiyo maana Pinot Noir iliyokamuliwa kwa pupa huwa na uchungu wa kijani badala ya ukakasi wa maana.

Niseme haki: nilichagua vijiji vigumu makusudi. Serralunga inasifika kwa Barolo kali, na ningechukua ya La Morra ningepata upole zaidi. Gevrey nayo ina misuli kuliko Chambolle-Musigny, ambako Pinot Noir huwa hariri tupu. Hata hivyo, mkali wa Burgundy akikaa karibu na mkali wa Piemonte anaonekana mpole.

Waitalia wenyewe wanaijua shughuli yake. Kwa sheria, Barolo haiuzwi kabla ya kutimiza miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mbao. Ile inayoitwa Riserva husubiri miezi 62. Barbaresco, jirani yake anayetumia zabibu hiyo hiyo, hutakiwa miezi 26. Mapipa nayo ni hadithi nyingine. Burgundy wanatumia pipa la lita 228. Wazalishaji wa Barolo wa mtindo wa kale wanapenda mapipa makubwa ya maelfu ya lita, ambayo hayaachi harufu ya mbao. Kuanzia miaka ya 1980 baadhi yao walihamia kwenye mapipa madogo mapya, wakapata mvinyo wenye harufu ya vanila na unaonyweka mapema. Mimi vanila juu ya lile waridi naiona kelele. Kwenye Pinot Noir naivumilia.

Nilizibakisha nusu nusu, nikazifunga kwa vizibo vyake. Kesho yake Pinot Noir ilikuwa imepoa: matunda yamefifia, uchachu umebaki peke yake. Barolo ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Ukakasi ulikuwepo, lakini umepungua makali, na waridi lilisikika kabla hata sijaisogeza glasi puani. Kwa hiyo Barolo changa naimimina kwenye jagi la kioo saa kadhaa kabla ya kuinywa. Pinot Noir sihangaiki nayo, naifungua, namimina.

Ambacho Pinot Noir inanikera nacho ni bahati nasibu. Imesambaa Burgundy, Ujerumani, Oregon, Nyuzilandi na kwingineko, na huko kote kuna nzuri. Lakini pia nimewahi kuuziwa moja, jina nalihifadhi, iliyokuwa tamu na nzito kama jamu, bila uchachu wala harufu ya maana. Ungeniambia ni zabibu nyingine ningekubali. Nebbiolo haina tabia hiyo, kwa sababu karibu yote inatoka Piemonte, na kidogo Valtellina huko Lombardia. Huchipua mapema na kuiva kwa kuchelewa, mara nyingi huvunwa Oktoba, na sehemu nyingi zimejaribu kuilima zikashindwa kupata kitu cha kujivunia.

Kwa upande wangu Nebbiolo imeshinda, ila simshauri mtu aanze na Barolo. Aanze na Langhe Nebbiolo, mvinyo mwingine wa zabibu hiyo hiyo huko Piemonte, ambayo haibanwi na miaka ile ya kusubiri na inaruhusiwa kuchanganywa na hadi asilimia 15 ya zabibu nyingine. Harufu ni ile ile, na fizi zitasalimika. Anayechukia kabisa kukaushwa kinywa abaki na Pinot Noir, tena atafute ya Chambolle au ya Volnay, kijiji kingine cha Burgundy.

Jambo la mwisho ni baridi. Pinot Noir naipenda kwenye nyuzi 14 hadi 16. Nebbiolo ikiwa baridi kiasi hicho ukakasi unazidi na harufu inajificha, kwa hiyo naiacha ifike 17 au 18. Ukizitoa pamoja kwenye friji na kuzinywa hapo hapo, utaionea Nebbiolo bure.