Kaunta au mezani: wapi unapata thamani ya pesa yako?

Baa ileile, bia ileile, lakini ukikaa kaunta na ukikaa mezani ni kama umeingia sehemu mbili tofauti.

Kaunta unaona kila kitu. Chupa inafunguliwa mbele yako, kipimo cha pombe kali unakifuata kwa macho, na bia ya bomba ikijaa povu nusu glasi unairudisha hapohapo. Mezani glasi inafika povu limeshatulia, ndipo unagundua imepungua vidole viwili. Umrudishie nani, wakati mhudumu ameshapotelea kwenye meza nyingine?

Bili ndiyo kesi kubwa. Kaunta wengi hulipia kila kinywaji kinapotoka, hivyo hakuna mjadala. Mezani hesabu inalimbikizwa, na saa ya kuondoka inatokea chupa ambayo hakuna anayekumbuka kuiagiza. (Siku hizi sikubali chupa tupu ziondolewe, ndizo ushahidi wangu.)

Mezani pana raha yake, sikatai: mgongo unaegemea, mnaongea bila kupigana vikumbo. Mkiwa wanne au zaidi, kaeni huko. Nikiwa peke yangu, nipe stuli.