Mboga za bustani: kukausha au kugandisha?

Kwa gharama, kukausha kunashinda: jua, ungo safi na chandarua cha kuzuia nzi vinatosha, ilhali friza hula umeme usiku na mchana. Ladha je? Hapo nasimama na friza bila kusita. Chemsha majani dakika 2, yatumbukize kwenye maji baridi, yakamue, kisha yagandishe kwa nyuzi -18 za Selsiasi. Rangi hubaki, na vitamini C hupungua kidogo kuliko juani. Umeme ukikatika, friza iliyojaa, isipofunguliwa, hustahimili saa 48 hivi. Mboga kavu adui yake ni unyevu. Kagua chupa mara kwa mara. Kwenu umeme unasumbua? Kausha. Mnapenda maharagwe mabichi? Gandisha.