Antibayotiki kwenye maji, au chanjo na usafi wa banda?

Kipi kinazuia magonjwa ya kuku vizuri zaidi? Wafugaji hawaishi kulibishania hili. Kwa gharama ya siku ya kununua, antibayotiki inashinda: oksitetrasaiklini, mojawapo ya dawa hizo, ipo duka la pembejeo na haihitaji friji. Chanjo nyingi zinataka ubaridi mpaka bandani, na chupa ya mamia ya dozi ni hasara kwa mwenye kuku ishirini, labda majirani wachanje pamoja. Chanjo ya I-2 ya ugonjwa wa mdondo (Newcastle), ya tone la jicho, huvumilia joto zaidi, ila irudiwe kila baada ya miezi mitatu hivi.

Kwa uhakika, mambo yanageuka. Mdondo na ugonjwa wa Gumboro husababishwa na virusi, na antibayotiki haiviui. Inachofanya ni kuwapa nafasi bakteria sugu wa utumboni, yaani wasiouawa tena na dawa, Salmonella, E. koli na Kampilobakta, wanaomfikia mlaji kupitia nyama isiyoiva vizuri au ubao wa kukatia. Marekani ilipiga marufuku antibayotiki ya enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya Kampilobakta sugu kwa binadamu. Hili linaniuma: mtoto akiugua vibaya, daktari hubaki na dawa chache za kumbadilishia.

Kuku wakiugua na daktari wa mifugo akathibitisha ni bakteria, wape antibayotiki, dozi kamili, kisha subiri siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuuza nyama au mayai. Kuku wasiougua wanahitaji chanjo, maranda makavu na maji safi. Huna friji? Anza na I-2.